Pale Mdudu Alipo

Jina la Bingwa alijipa mwenyewe. Aliliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa kibanda chake cha kinyozi, BINGWA WA VICHWA, herufi za mwanzo nene na za mwisho zimebanana kwa sababu ubao uliisha kabla ya maneno. Mtaa ukachoka kubishana naye, ukalikubali.

Kunyoa alijua kweli, hilo hakuna aliyembishia. Tatizo ni kwamba kiti chake kilikuwa pia hospitali. Aliyeingia na kikohozi alitoka na ushauri wa kikohozi, aliyeingia na mgongo alitoka na ushauri wa mgongo, na aliyeingia mzima alitoka na wasiwasi. Mambo yote hayo Bingwa aliyajua bila kufundishwa na mtu, maana alikuwa na kasoro moja kubwa: hakuwahi kuuliza kitu tangu azaliwe. Akipotea njia, alisema amepita huko makusudi, aone nyumba.

Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango, palikuwa na duka la dawa. Mwenye duka alikuwa mfamasia, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwenye miwani na koti jeupe, na mtaa mzima ulimwita Daktari. Bingwa peke yake alimwita "yule binti wa dawa". Alimnyoa upara akiwa na miaka mitano, akilia na kurusha mateke, na mtu uliyemfuta kamasi kwa mkono wako ni kazi kumwita Daktari. Alimfuta kwa taulo. Taulo la Bingwa lilikaa begani upande wa kushoto kama cheo, lilikuwa la kijani zamani, na lilifuta kila kitu: shingo za wateja, wembe, kioo, jasho la mwenyewe. Jioni alilitandaza kwenye kamba lipigwe na upepo, kesho yake likarudi kazini.

Nyumbani aliishi na binti yake na mjukuu. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, na mume wa binti alifanya kazi mbali, akionekana zaidi kwenye simu kuliko mlangoni. Mjukuu alikuwa na miaka minne, naye babu yake alimpa jina la Bi Kwanini, kwa sababu neno hilo lilimtoka tangu anapoamka mpaka anapolala. Kila mchana akitoka chekechea alikuja kibandani, akakaa kwenye benchi la wateja na kuwauliza kwa nini hawana nywele. Kwa mjukuu huyo Bingwa alikuwa hoi. Angeomba anyolewe nyusi, angenyoa.

Basi binti akapata kazi. Alikuwa ameitafuta mwaka mzima, na sasa kiwanda cha kushona sare kilimwambia aripoti Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi. Msimamizi alikuwa mwanamke wa maneno machache. "Asiyefika siku ya kwanza," alimwambia, "asijisumbue kuja ya pili." Binti akarudi nyumbani anacheka na kulia kwa pamoja. Mtoto atakuwa chekechea asubuhi, mchana atakuwa kibandani kwa babu. Kila kitu kimekaa sawa.

Wiki hiyohiyo, chini ya pua ya Bi Kwanini vikatoka vipele viwili vyenye maji.

"Buibui huyo," alisema Bingwa, akimgeuza mtoto kidevu kwenye mwanga wa dirisha. "Amempitia usiku akamkojolea."

"Kwa nini amenikojolea?" akauliza Bi Kwanini.

"Buibui hana choo."

"Baba," binti akasema, "mpeleke kwa Daktari hapo mbele amwangalie."

"Nimeshika ngozi za watu miaka thelathini na moja. Buibui namjua hata jina la baba yake."

Akampaka spiriti ya baada ya kunyoa. Ukelele aliotoa mtoto ulimfanya fundi viatu wa jirani aje mbio na nyundo mkononi, akidhani wamevamiwa. Fundi viatu huyo alikuwa mteja wake wa kila Jumamosi na rafiki yake wa kubishana, na alipoelezwa habari ya buibui akatikisa kichwa kwa kuafiki. Yeye mwenyewe, alisema, alikuwa na kidonda shingoni, na kwake mhusika alikuwa mjusi.

Kufikia Jumatano vipele vilikuwa vimepasuka, na mahali pake pakafanya ganda la manjano, linalong'aa kidogo, rangi ya asali kabisa. Kipele kingine kilikuwa kimetoka pembeni mwa mdomo. Bingwa akamwona mtoto akija kibandani na uso wa namna hiyo, akasimamisha mashine ya kunyolea katikati ya kichwa cha mtu.

"Nani kakupa asali?"

"Sijala asali."

"Na hiyo mdomoni?"

Akashusha taulo begani, akalitia mate kidogo, akamfuta. Halikutoka. Akamfuta zaidi. Bi Kwanini akalia, mteja mwenye nusu kichwa akasema jamani mwache mtoto, na hapo ndipo Bingwa alipoona kikaratasi kilichobanwa kwa pini kwenye gauni. Mwalimu wa chekechea alikuwa ameandika kwa herufi safi: mtoto asirudi mpaka vidonda vikauke, au alete barua ya mtu wa dawa, maana ugonjwa huu unaambukiza.

Binti alikisoma kikaratasi hicho mara mbili. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akakiweka magotini, akasema kwa sauti ndogo, "Jumatatu, baba. Mimi naanza Jumatatu." Bingwa angependa apige kelele.

"Niachie mimi," akasema.

Ijumaa asubuhi akavuka barabara. Alivuka kwa kuzunguka, kwanza akapita duka la sabuni, kisha akasimama kutazama ndala asizozihitaji, ndipo akajikuta mbele ya kaunta ya dawa kama mtu aliyesukumwa na umati. Mtoto hakuja naye. Kuja na mtoto kungekuwa kukiri.

"Shikamoo, mzee," akasema mfamasia.

"Marahaba, mwanangu. Siumwi mimi. Kuna mteja wangu mmoja, ana mtoto."

"Mtoto ana nini?"

Bingwa akaeleza: vipele vya maji, vikapasuka, ganda. Watu watano walikuwa nyuma yake, mmoja anakohoa makusudi. Mfamasia aliuliza haraka haraka, huku akihesabu vidonge vya mtu mwingine. Mtoto ana homa? Hana. Anacheza? Anacheza na kuuliza maswali. Ganda lina rangi gani?

"Utadhani kala asali."

"Basi nimeshajua. Ingekuwa vizuri nimwone mwenyewe, lakini dalili ndizo. Huyo ni mdudu, mzee."

Bingwa akapiga kaunta kwa kiganja. "Nilisema!" Akageukia foleni. "Si nilisema? Mdudu!"

"Ni mdudu, na anahama upesi," akaendelea mfamasia, akishusha tyubu nyembamba kutoka rafu ya juu. "Anapenda kuingia palipo na upenyo. Nyumba iwe safi, shuka zifuliwe. Kwanza mnasafisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, taratibu, mpaka utando ule ulainike utoke. Kisha unapaka dawa hii pale mdudu alipo, mara tatu kwa siku. Nyembamba tu, usijaze. Umenielewa?"

Mtu mwingine yeyote angeuliza swali moja dogo. Bingwa alisema ameelewa tangu zamani.

Alifunga kibanda saa nne asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yake. Nyumbani akachukua stuli, ndoo ya maji ya uvuguvugu, sabuni, akaanza na pembe ya juu ya chumba cha kulala ambako buibui alikuwa na utando wake. Aliulainisha ukatoka, kama alivyoambiwa. Kisha akaminya tyubu kwenye kidole, akapaka ile pembe vizuri, nyembamba, bila kujaza. Akashuka, akasogeza stuli, akapanda pembe ya pili. Penye upenyo mlangoni akapaka. Kwenye dirisha akapaka. Miguu minne ya kitanda cha Bi Kwanini akaizungushia dawa mpaka juu. Saa nane akarudia. Jioni alikuwa kwenye raundi ya tatu, jasho linamtiririka na taulo linamfuta, pale binti yake alipoingia na mboga.

"Baba, unafanya nini huko juu?"

"Natibu."

Binti akatazama tyubu, akatazama ukuta unaong'aa mafuta. Alikuwa amechoka, na kwa kweli hakuwa na uhakika siku hizi dawa zimefika wapi. "Daktari ndiye kasema upake huko?"

"Kwa kinywa chake. Pale mdudu alipo."

Chini ya stuli, Bi Kwanini alikuwa amekaa na kikombe cha chai, vidonda vimemchachamaa usoni. "Babu, kwa nini unaupaka ukuta na mimi ndiye ninayewashwa?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyowahi kuuliza, na babu yake akamwambia anywe chai.

Jumamosi asubuhi Bingwa alijitazama kwenye kioo ajinyoe, akaona kidevuni, palepale alipojikata wiki iliyopita, vipele vitatu vya maji na kimoja kimeshapasuka. Akasogea karibu na kioo. Rangi ya asali. Akawaza: buibui huyu ana roho gani? Dawa imepakwa nyumba nzima. Kisha akamkumbuka fundi viatu mwenye mjusi, anayekaa nyumba ya kona, yenye kuta zake na pembe zake, mbali na buibui huyu. Hesabu ikaanza kumkataa. Alikuwa bado ameshika wembe hewani pale binti yake aliposimama mlangoni, Bi Kwanini mgongoni, akamtazama kidevu.

"Viatu," binti akasema. "Vaa viatu, baba. Tunavuka barabara."

Mfamasia ndiyo kwanza alikuwa anafungua mlango. Saa moja na dakika kumi. Alimwona mtoto, akamwona mzee, akavua miwani akaipangusa akaivaa tena.

"Kumbe yule mteja ni wewe."

"Mteja ni mtu yeyote," akasema Bingwa.

"Mbona mtoto amezidi? Dawa niliyokupa mmempaka?"

Bingwa akanyoosha boksi la dawa ya meno lililokuwa limekaa upande kwenye kaunta.

"Mzee. Tyubu iko wapi?"

"Imeisha."

"Imeisha? Tyubu ya wiki nzima, tangu jana?"

"Nyumba ina pembe nyingi."

Ilibidi binti aeleze. Alieleza kila kitu, stuli, ndoo, miguu ya kitanda, na mfamasia akasikiliza kwa adabu mpaka raundi ya tatu. Hapo akainama chini ya kaunta akisema anatafuta kalamu, na akakaa huko chini muda mrefu kuliko inavyochukua kutafuta kalamu. Alipoinuka macho yalikuwa na maji.

"Nisamehe, mzee. Kosa ni langu pia. Sisi kila kijidudu cha ugonjwa tunakiita mdudu. Huyu hana miguu. Ni bakteria, mdogo mno, huwezi kumwona kwa macho."

"Sasa kama simwoni nitampakaje?"

"Yuko hapa." Akamwonyesha kwa kidole, bila kumgusa, ganda lililo chini ya pua ya Bi Kwanini. "Na hapa." Akaonyesha kidevu cha Bingwa mwenyewe. "Ugonjwa unaitwa impetigo. Ngozi ikichubuka kidogo tu, anaingia. Kisha anasafiri kwa mikono, kwa shuka, kwa..."

Akanyamaza. Alikuwa anatazama bega la kushoto la Bingwa.

"Mzee, hilo taulo. Unamfutia nani?"

"Wote," akasema Bingwa, na alilisema kwa fahari, kwa mazoea, kabla neno halijamrudia masikioni.

Mfamasia alivaa glavu, akalinyanyua taulo kwa vidole viwili, akalitia kwenye mfuko wa plastiki akaufunga fundo. Akauliza kama kuna mteja aliyekuja na vidonda siku za karibuni. Yupo, dereva wa lori, mwenye vidonda kisogoni. Bingwa alimpima mwenyewe akamwambia ni kola ya shati inambana. Alimnyoa, akamfuta. Baada yake alimnyoa fundi viatu. Baada ya fundi viatu, Bi Kwanini alikuja kibandani na kamasi, na babu yake akamfuta pua kwa mapenzi yote.

Bingwa akakaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa hapo. Alijisikia vibaya kuliko siku zote. Buibui wa watu alikuwa amevunjiwa nyumba bure, na mkosaji alikuwa amelala begani kwake.

"Zamani nilikuwa namwona marehemu Mama," akasema mfamasia, sasa kwa upole. "Kila jioni anatoka kibandani na beseni la mataulo kichwani. Nilidhani bado mnachemsha."

Mkewe alichemsha mataulo kila jioni ya Mungu kwenye sufuria kubwa nyeusi, miaka ishirini na minane. Bingwa alikuwa akidhani anapenda tu harufu ya sabuni. Hakumuuliza hata siku moja.

Wakamngoja. Halafu Bingwa akajikohoza, akamtazama yule binti ambaye yeye mwenyewe alimnyoa upara zamani, akasema neno ambalo binti yake baadaye aliapa hajawahi kulisikia kinywani mwake.

"Daktari. Naomba nikuulize."

Akauliza. Aliuliza kila kitu, tena mara mbili, kama mtu aliyeweka akiba maswali ya miaka sitini na sasa anayatoa yote. Maganda yalainishwe na nini? Kitambaa safi, maji ya uvuguvugu na sabuni, taratibu, bila kubandua kwa nguvu, na kila mtu na kitambaa chake. Dawa inapakwa wapi? Kwenye ngozi, mzee, kwenye ngozi tu. Siku ngapi? Siku zote alizoandika kwenye boksi, hata vidonda vikionekana vimepona. Kucha zikatwe fupi, mikono ioshwe kabla na baada, shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto. Mtoto akipata homa, au wekundu ukisambaa na kuuma, asingoje, aende hospitali. Na je, Jumatatu?

Mfamasia akatazama saa ya ukutani. "Akiendelea na dawa siku mbili kamili, na vidonda vikikauka, hawezi tena kuwaambukiza wenzake kirahisi. Sasa hivi ni saa moja na nusu. Chekechea inafungua saa ngapi?"

"Saa moja na nusu," akasema binti.

"Basi tupake sasa hivi."

Wakapaka palepale dukani. Mfamasia akaandika barua kwa mwalimu, akaacha nafasi ya sahihi. Angesaini Jumatatu akishamwona mtoto, si kabla.

"Na wewe, mzee, kibanda kimefungwa mpaka kidevu kikauke."

Jumamosi ndiyo siku ya vichwa vingi kuliko zote. Bingwa akalitazama kufuli la kibanda ng'ambo ya barabara, akaliacha. Kisha akaenda kufanya jambo gumu zaidi. Alimkuta fundi viatu ametoa kitanda chake nje uani, amekaa juu yake na fimbo, anamvizia mjusi.

"Mwache mjusi," akasema Bingwa. "Ni taulo langu. Nenda kwa Daktari hapo, mwambie nimekutuma mimi."

Fundi viatu akashusha fimbo. "Bingwa, unaumwa?"

"Ndiyo," akasema Bingwa. "Kidevuni."

Dereva wa lori naye alitafutwa kwa simu, akaombwa radhi yeye na kola yake. Jumapili yote ile sufuria nyeusi, iliyokuwa imegeuzwa stendi ya maua, ilichemka uani. Bi Kwanini alivalishwa soksi mikononi asijikune. Akauliza kwa nini, na kwa mara ya kwanza babu yake alimpa jibu la kweli, tena lote, mpaka mtoto akachoka yeye. Zamu ya dawa ilipofika alitaka kumpaka babu. Akanawishwa mikono, akapewa dawa kwenye kipande cha pamba, akamshika sikio asitingishike.

"Mdudu yuko wapi?" akauliza kwa ukali wa kihospitali.

"Hapo," babu akamwonyesha kidevu. "Siyo ukutani."

Jumatatu asubuhi walikuwa mbele ya duka la dawa kabla halijafunguliwa. Binti alikuwa amevaa blauzi yake nzuri, na kila baada ya dakika alitazama simu. Mfamasia akaja, akamgeuza mtoto kwenye mwanga. Chini ya pua palikuwa pakavu, ganda limepukutika, pamebaki wekundu tu. Pembeni mwa mdomo pakavu. Hakuna kipya. Akatoa kalamu akasaini. Binti akaondoka mbio hata kuaga hakuaga, akarudi, akambusu baba yake utosini, mbali na kidevu, akakimbia tena. Alifika kiwandani saa mbili kasoro dakika nne.

Bingwa ndiye aliyempeleka mtoto chekechea. Mwalimu alisoma barua mlangoni, wazazi wengine wakiwa wamejipanga nyuma, nusu yao vichwa alivyovinyoa mwenyewe. Akachuchumaa, akamtazama Bi Kwanini uso, akaridhika.

"Umepona vizuri. Nani alijua dawa yake? Babu?"

Bingwa aliona foleni ikisikiliza. Angeweza kujibu yeye. Miaka yote alikuwa akijibu yeye.

"Hapana," akasema Bi Kwanini kwa sauti iliyofika mpaka getini, akaachia mkono wa babu yake aingie darasani. "Babu aliuliza."